Mchana Mmoja Kisiwani Musira

Ndugu msomaji, ikiwa nawe ulizaliwa mjini, ukakulia Temeke au Magomeni na kulijua kabila lako kwa jina tu, huenda jambo hili likakugusa. Mwaka 2021 nilipata likizo kazini, nikaamua kwenda Bukoba peke yangu. Nyumbani walishangaa: mwanamke mzima, mwenye watoto wakubwa, anakwenda kumtembelea nani? Nikawajibu kwamba sina mwenyeji huko, na jibu hilo likawashangaza zaidi.

Baba yangu asili yake ni Kamachumu, wilayani Muleba. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, dada yake alikuwamo. Tangu siku hiyo baba hakukanyaga tena kwao, wala hakuturuhusu sisi wanawe kwenda. Ziwa likawa neno lisilotajwa nyumbani kwetu, na pamoja nalo zikapotea lugha, hadithi na majina ya ndugu. Safari hii sikumwambia.

Nilipanda MV Victoria pale Mwanza jioni, meli kongwe iliyofanyiwa matengenezo makubwa na kurudi kazini mwaka 2020. Sikulala. Usiku kucha nilikaa nje nikiyahesabu maboya ya kujiokolea, tafadhali usinicheke. Kulipopambazuka tukafika Kemondo, kisha Bukoba, na mbele ya mji kikajitokeza kisiwa cha Musira, mfano wa jiwe kubwa lililotupwa majini.

Habari za mji sitakuchosha nazo. Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1890 chini ya Emin Pasha, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi. (Senene usiniulize, msimu wao ulikuwa haujafika.) Jambo lililonikaa moyoni ni kahawa. Kila nilipokaribishwa nilitiliwa kiganjani buni chache zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, hutafunwa, hazinywewi. Mzee mmoja akanieleza kwamba zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana, kila mmoja akaipaka buni damu yake, wakabadilishana na kumeza. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake taabuni. Nilizitafuna zangu nikiona haya, kwa kuwa mimi ndugu zangu wa damu sikuwajua hata kwa sura.

Siku ya tatu nikashuka mwaloni, nikapanda mtumbwi wa injini uendao Musira. Safari ni fupi, lakini kwangu ilikuwa ndefu kuliko ile ya usiku mzima. Husimuliwa kwamba enzi za watawala wa jadi waliovunja sheria walitupwa kisiwani humo wakaachwa wajifie. Leo ni kijiji cha wavuvi, watu wa makabila mengi, chenye nyumba za nyasi, na dagaa wameanikwa kila penye nafasi. Desturi ni kujitambulisha kwanza kwa mwenyekiti. Nami nikajitambulisha, nikimsalimu kwa Kihaya nilichofundishwa mjini. Kumbe nimetoa salamu ya asubuhi, na jua limekwisha pinduka! Walicheka mpaka watoto wakakusanyika.

Kicheko hicho ndicho kilichoniokoa, kwani bibi mmoja alinishika mkono akanipeleka jikoni kwake. Chungu kilikuwa mekoni, samaki wakitokota na ndizi. Akauliza, "Mwanangu, baba yako ni wa wapi?" Nikamwambia. "Ukoo gani?" Nikamtajia. "Na mwiko wenu?" Hapo nikanyamaza. Kwa Wahaya kila ukoo una mnyama au samaki wake asiyeliwa, na bibi yule hakuwa tayari kumlisha mtoto wa watu kitu ambacho wazee wake walikikataza. Akaufunika mwiko wa kupakulia juu ya chungu, akasema, "Muulize."

Nikatoka nje, nikapanda mwambani simu ikiwa mkononi. Nilifikiri kudanganya kwamba niko Mwanza. Baba alipoitika nilisema tu, "Shikamoo baba. Niko Musira."

Kimya kikawa kirefu hata nikadhani simu imekatika.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Umevuka na nani?"

"Peke yangu, baba. Kuna bibi hapa amepika samaki. Anauliza mwiko wetu."

"Kamongo," akajibu. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto, "Shangazi yako ndiye aliyekuwa akitukumbusha. Chunguni mna samaki gani?"

"Sato."

"Basi kula. Mshukuru bibi, piga magoti unapopokea." Akakohoa kidogo. "Na maji yakoje leo?"

Nikatazama. Ziwa lilikuwa limelala mpaka upeo wa macho, mitumbwi miwili ikirudi.

"Yametulia, baba," nikamwambia.