Vikombe Vinavyolia Alfajiri

Kila tukiwachukua watoto kutoka Muscat kwenda Sohar, swali halikosi: zile sahani zilizopangwa kwenye minara ya umeme ni za nini? Nyumbani mafundi huviita vikombe. Kazi yake ni kuubeba waya bila kuuachia umeme ushukie kwenye chuma.

Tulipokuja Oman na shahada zetu za Uingereza, hesabu tulizijua. Hewa si tatizo. Tatizo ni uso wa kikombe. Chumvi ya bahari na vumbi vikitanda pale vikiwa vikavu, havina neno. Ukishuka umande, uchafu ule hugeuka maji ya chumvi, na umeme hupata njia ya kutambaa. Sahani huirefusha njia hiyo: umeme upande ukingo, uingie chini, utoke, upande tena. Kanuni ya zamani ya pwani chafu ilitaka milimita 31 kwa kila kilovoti. Laini ya kilovoti 132 hupigiwa hesabu ya 145, yaani kama mita 4 na nusu, zikunjwe ndani ya kitu kinachokaribia kimo cha mtu.

Basi tukachagua vikombe vyenye mifereji ya kina chini ya sahani, urefu ukapatikana, tukajisifu. Mzee mmoja fundi, Mzanzibari, akatwambia: "Wanangu, vinalia alfajiri. Nendeni mkasikilize." Tulicheka. Nani aamke saa kumi usiku kusikiliza kauri?

Wiki ya pili, Agosti, cheche ziliruka kabla ya jua na laini ikazimika. Jirani yetu, bibi aliyetegemea mashine ya kupumulia, tulimkimbiza hospitali kwa gari letu wenyewe. Alipona, alhamdulillahi, lakini safari ile hatujaisahau.

Kikombe kiliposhushwa tulitia kidole mferejini: vumbi limeshindiliwa kama unga kwenye kibaba. Mvua haifiki kule chini, na mvua yenyewe huku ni ya kuhesabu. Jangwani hufaa sahani bapa, laini chini, upepo uzipanguse. Siku hizi vingi ni vya mpira wa silikoni, ambao maji hubaki matone matone juu yake bila kutandaa, na sahani kubwa hupishana na ndogo ili matone yasiungane.

Mzee tulimwendea kumwomba radhi. Alikuwa anakunja mikono ya shati. "Umeme umeshazimwa," alisema. "Shikeni ndoo, tukaoshe."