Usingizi wa Mwenzio ni Amana

East Side, Buffalo, New York

Kwa mwanangu mpenzi, mtoto wa ndugu yangu, uliyeko upande wa mashariki wa mji wa Columbus, Mungu akuhifadhi.

Barua yako imenifikia, nami nimefahamu yote uliyoyaandika: kwamba wewe na rafiki yako mmemaliza kuitengeneza ile mashua ya tanga, ambayo urefu wake haufiki mita 11, na kwamba mmeazimu kuitoa Ziwa Erie, kuipitisha katika mfereji hadi New York, na kutoka hapo kuvuka bahari mpaka Lamu, ukaione pwani ambayo wazee wako waliihama kabla hujazaliwa. Umeniomba radhi, na radhi ninakupa. Lakini kwa kuwa mimi nilizaliwa katika visiwa vya Wabajuni na kulelewa chomboni, kabla ya vita vya mwaka 1991 kututawanya tukaingia Mombasa katika majahazi yaliyosheheni wanawake na watoto, naona ni haki yako nikupe pamoja na radhi hiyo nasaha ambayo marehemu baba yako angekupa lau angekuwa hai.

Jambo la kwanza ni kwamba msafiri wa tanga si bwana wa wakati wake, na mwenye kutaka kufika hana budi kwanza kujifunza kungoja. Mlingoti wenu mtaulaza huku kwetu, maana madaraja ya mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, hayapishi kitu chenye kimo cha mita tano. Mkishafika New York mtaukuta msimu wa tufani za Atlantiki, ambao huanza Juni na kwisha Novemba. Rasi ya Tumaini Jema nayo haipitwi kwa salama ila katika miezi ya joto ya huko kusini. Na katika mlango wa Msumbiji mtakabiliwa na mkondo mkali uteremkao kwenda kusini, ndiyo sababu mabaharia wengi hupendelea kupita mashariki ya Madagaska. Baada ya hapo ngojeni kusi, ambayo huanza kuvuma kiasi cha mwezi wa Aprili, nayo itawasukuma mpaka nyumbani bila ya kupiga bisho.

Wala msidhani kuwa ninyi ndio wa kwanza kurejea kwetu kutoka New York kwa tanga. Tarehe 30 Aprili, mwaka 1840, Sultana, merikebu ya Seyyid Said bin Sultan, ilitia nanga katika bandari hiyo hiyo, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Na kwa kuwa safari ilikuwa imeichakaza, serikali ya Marekani iliitia katika gudi la jeshi lake huko Brooklyn, ikaifanyia matengenezo kwa hisani. Iling'oa nanga Agosti, ikaingia Unguja Disemba. Ikiwa merikebu ya mfalme, yenye mabaharia wengi na zawadi za thamani, haikuona haya kukaa miezi kutengenezwa kabla ya kurudi, basi mashua ya vijana wawili haina udhuru wa kutoka na ubao mmoja unaotia shaka.

Mintarafu ya maisha ya chomboni, sitakueleza mengi kuhusu mawimbi, kwa kuwa hayo yatajieleza yenyewe. Pimeni maji kwa kibaba, na kadiri ya lita nne kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia, muihesabu kuwa ni nyingi. Chukueni mchele, tende, papa mkavu na achari ya ndimu. Na mpishi wa siku hiyo, hata akiunguza wali, asitukanwe. Muamue mapema ni nani kati yenu atakayekuwa nahodha, kwani wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, na wawili katika mashua ndogo wanatosha kabisa kuwa wengi. Aliyechaguliwa aamuru kwa upole, na mwenziwe atii bila kinyongo; rai zenu mzitoe mchana, bahari ikiwa imetulia, si usiku wakati wa kupunguza tanga.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Zamani, katika vyombo vikubwa, mtu alilala akijua kwamba macho mengi yamekesha. Chombo cha Kuwait kilichoitwa Bayan, ambacho nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr Al-Nejdi, kiliporudi kwao mwaka 1939 kikiwa kimepakia boriti za Rufiji, kilikuwa na mabaharia wa kutosha kushika zamu, kutweka tanga na kuimba. Mmoja akisinzia, wa pili yuko. Ninyi hamtakuwa na wa pili. Kila mara utakapofumba macho, roho yako itakuwa mikononi mwa mtu mmoja peke yake. Na kila mara atakapofumba yeye, roho yake itakuwa mikononi mwako. Usingizi wa mwenzio ni amana, mwanangu, na katika amana zote ambazo binadamu hupewa, sijui iliyo nzito kuliko hii, kwa sababu mwenyewe hawezi kuidai wakati inapopotea.

Zingatia hesabu hii. Meli ya mizigo ya siku hizi, uionapo kwa mbali upeoni, yaweza kukufikia kwa muda wa dakika 20, na pengine chini ya hapo. Na walio juu yake, wakiwa mbali na maji kama watu wa orofani, huenda wasiione taa yenu ndogo hata kidogo. Kwa hiyo mwenye zamu asimame na kuzungusha macho pande zote kila baada ya dakika chache, wala asitosheke na chombo kishikacho usukani chenyewe, wala na mitambo ya setilaiti. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zimeandika katika kanuni ya tano kwamba kila chombo, wakati wote, kiwe na mtu wa kuangaza, wala hazikuvisamehe vyombo vidogo. Joshua Slocum, aliyezunguka dunia peke yake kwa mashua yake Spray tangu mwaka 1895 hata 1898, aliweza kufunga usukani akaenda kulala, mashua ikashika njia. Lakini yeye aliihatarisha roho yake mwenyewe tu. Wewe unayo ya mtu mwingine.

Adabu hii si ya baharini peke yake. Ile dhoruba ya theluji iliyotoka ziwani mwisho wa Disemba 2022 iliwaua watu zaidi ya 40 katika wilaya hii ya Erie, na wengi tuliowazika walikuwa majirani wa mitaa yetu ya East Side, ambako umeme ulikatika na magari ya msaada hayakuweza kupita. Katika jengo letu sisi, Mkongomani, Mbangladeshi na mimi tulipeana zamu za kubisha mlango wa bibi mmoja Mmarekani aliyekaa peke yake, mchana na usiku, hata njia zikafunguka. Na bibi yule yu hai. Hapana mmoja wetu aliyekuwa na nguvu za kumwokoa peke yake, bali kila mmoja alikesha saa zake kwa uaminifu, akamwamsha wa pili, ndipo akalala.

La mwisho, jihadhari na furaha ya kufika. Aghalabu vyombo havivunjiki katikati ya bahari kuu ila karibu na nchi kavu, pale ambapo mabaharia wameshachoka na moyo umekwisha tangulia nyumbani. Mkiona taa za Lamu usiku, kaeni nje ya miamba mpaka kupambazuke, hata kama mnasikia adhana, kisha ndipo mwingie kwa mchana kati ya Shela na Manda. Nchi iliyowangoja miaka yote hii itawangoja na usiku mmoja.

Radhi yangu, basi, naifunga kwa sharti moja. Mtakapofika Buffalo kulaza mlingoti, njooni kwangu wote wawili kabla ya kuingia mfereji, tukae, muandike zamu zenu kwenye karatasi, saa kwa saa, kila mmoja atie sahihi yake mbele yangu, na mmoja wenu asipokuwa tayari kutia sahihi, safari na iahirishwe. Nakuomba usinikatalie hili.

Wabillahi tawfiki. Wasalaam.

Ni mimi ami yako, mwenye kukuombea dua.