Miguu Yetu Katika Njia ya Qalhat

Tulikuwa wanne, na mdogo wetu ametimia miaka hamsini na miwili. Watoto walitucheka walipotuona tumebeba mashanta mgongoni kama wanafunzi wanaokwenda bweni. Nia yetu ilikuwa kutembea kwa miguu katika pwani ya Oman, kutoka Fins hadi Tiwi, kutoka Tiwi hadi Qalhat, na hatimaye kuingia Sur, mji ambao majahazi yake yalikuwa yakija Mombasa kwa kaskazi yamesheheni tende na papa mkavu, na kurejea kwa kusi yamebeba boriti za Lamu. Wazee wetu waliwapokea watu wa Sur miaka na miaka. Sisi hatukuwahi kwenda kuwaamkia.

Wake zetu walitaka kufuatana nasi. Twalitaja hili mapema, kwani wasomaji wengi wa ukurasa huu ni akina mama, na wangetuuliza. Aliyeshika neno zaidi ni mke wa mwenzetu, mwalimu mstaafu. Mumewe ana kisukari, na kila usiku baada ya Isha yeye humkalisha kitandani, akamtazama nyayo na vidole kimoja kimoja kwa mwangaza wa simu. Tukawajibu kwamba njia ni ya mawe, malazi hayajulikani, na wanawake watauchelewesha msafara. Jibu hilo lilitoka kinywani mwetu sisi, si mwa mwingine, na wenzetu wakaliridhia upesi.

Januari ni mwezi wa kutembea huko. Jua lake lavumilika, tofauti na kiangazi chao ambacho ni moto mtupu. Milima ya Hajar ya Mashariki hushuka hadi karibu na bahari, ikamwachia mpita njia ukanda wa mawe na changarawe, mbuzi upande mmoja na mawimbi upande wa pili. Fuo za Fins ni nyeupe mno. Tulitembea polepole, tukila tende na mkate, tukibishana juu ya mambo tuliyokuwa tukibishana madrasa miaka arubaini iliyopita.

Siku hiyo ya kwanza mwalimu alituuliza suala la fiqhi. Alikuwa amevaa khuffu, yaani soksi za ngozi, ndani ya viatu vyake vipya. Tukamwambia kwamba msafiri anayo ruhusa ya kupaka maji juu yake siku tatu na masiku yake bila kuzivua, maadamu alizivaa akiwa na udhu. Alifurahi. Maji ni haba njiani, na yeye ni mtu mzito kuinama. Hukumu ni sahihi. Hata leo tukiulizwa tutaitoa vilevile. Ila ruhusa si amri, na aliyeuliza tulikuwa tukimjua kwa maradhi yake.

Tiwi ni kijiji kilichokaa kati ya mabonde mawili. Kwenye bonde la Shab huvushwa kwa mashua ndogo, kisha waingia kati ya kuta za majabali, mitende chini, maji ya kijani yakilala kwenye vidimbwi, na mfereji wa falaj ukipita kando ya njia kupeleka maji mashambani. Tulikaa hapo mpaka Alasiri bila kusema mengi. Tulirudi kijijini tukizungumza, na sauti zetu zikamfikia bibi mmoja aliyekuwa akianua nguo.

“Nyinyi watu wa wapi, mnaopita mlangoni kwangu mnasema Kiswahili?”

“Shikamoo, bibi. Twatoka Mombasa.”

“Marahaba, wanangu. Basi ndiyo mnapita hivyo hivyo?”

Alizaliwa Unguja, akaja Oman mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos alipowafungulia mlango waliokuwa ng'ambo, kisha akaolewa Tiwi. Wanawe wawili waliketi nasi barazani. Yeye alileta kahawa, tende na mikate moto. Akauliza wake zetu tumewaacha na nani. Tukamweleza ugumu wa njia. Bibi yule alicheka hata akaweka birika chini. Akatuonyesha mlima kwa kidole: kabla ya barabara ya lami, mama mkwe wake alikuwa akishuka kutoka kijiji cha juu bondeni, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, akafika baharini kuchukua samaki na kurudi siku hiyo hiyo.

“Mngewaleta, wakakuonyesheni njia,” alisema. Kisha akamtazama mwalimu. “Na huyu mwenzenu anakanyagia upande. Mmemtazama mguu?”

Mwalimu akasema haumwi na kitu. Hakuwa akisema uongo. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi hudhuru mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akawa hahisi kokoto wala lengelenge, na kidonda kidogo hukua kimyakimya. Hayo twayajua sasa. Siku ile tulimshukuru bibi, tukalala Tiwi, na tukaondoka baada ya Alfajiri.

Qalhat tuliifikia siku ya nne, karibu na Adhuhuri. Mji umebaki magofu. Wareno waliutia moto mwaka 1508, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Jengo linaloonekana kwa mbali ni ziara ya Bibi Maryam, kuta nne zisizo na kuba. Mumewe, Ayaz, alikuwa mtawala wa mji. Alipofariki, bibi huyu aliushika yeye. Ibn Battuta, ambaye katika safari hiyo hiyo alilala usiku mmoja Mombasa, alifika hapa na kuusifu msikiti alioujenga Bibi Maryam, ulioinuka juu ya bandari. Akawafafanulia wasomaji wake maana ya neno “bibi”. Sisi hatukuhitaji kufafanuliwa.

Naye alikuja kwa miguu kutoka Sur, akidhani ni karibu. Aliyemkodi kuwa kiongozi alitaka kumwibia nguo, na viatu vilimbana hata damu ikakaribia kutoka chini ya kucha. Alikaa siku sita bila kuweza kuinuka. Tulikuwa tukiwasimulia wenzetu kisa hicho, tumeketi kivulini, tukicheka, na mwalimu akivua khuffu zake kwa kuwa muda wa ruhusa umekwisha na ni lazima aoshe miguu.

Ya kulia haikutoka. Ilikuwa imegandia kwenye kidole gumba. Harufu ilitufikia kabla ya macho kuona.

Mvuvi mmoja alituchukua kwa pikapu yake kilomita 20 na zaidi hadi Sur, wala hakukubali fulusi. Mji tulioutamani tangu utotoni tuliuona kupitia dirisha la wodi. Madaktari walisafisha kidonda na kutuhimiza turejee nyumbani bila kuchelewa. Wiki mbili baadaye, Mombasa, kidole kilikatwa. Mguu umesalimika, Alhamdulillahi.

Tulikwenda kumjulia hali na kopo la halua ya Oman mkononi. Mkewe alitukaribisha kwa adabu zake zote. Alipokwisha kutumiminia kahawa, akauliza jambo moja.

“Sheikh, huko njiani, baada ya Isha, nani alikuwa akimtazama miguu?”

Tulimpa ile halua. Aliipokea, akaiweka mezani bila kuifungua, akaenda kuleta pamba na bendeji, kwani ulikuwa umefika wakati wa kumfunga mumewe.