Niliposti Maji Kabla Hayajafika

Kuna video yangu moja ambayo mpaka leo mnaendelea kuishea. Kogo, nyanya yangu, amesimama kando ya tangi kule Kuresoi, maji yanatiririka, mimi nyuma ya simu napiga kelele kama nimeshinda kura. Leo wacha niseme ukweli: maji yale yalitoka kama dakika kumi. Yakaisha. Video ikabaki.

Boma la Kogo liko upande wa Olenguruone, karibu na msitu wa Mau. Shuleni tuliambiwa Mau ndio mkubwa kati ya minara mitano ya maji ya Kenya, na kwamba Mto Mara na Mto Sondu hutoka huko. Sasa muulize Kogo. Mnara wake wa maji ni mgongo wake. Chemchemi iko juu ya boma, mita 300 na kitu, na yeye huteremka na mtungi wa lita 20 mara nne kwa siku. Lita 20 ni kilo 20, wasee. Mvua ikinyesha, ile njia ni sabuni tupu.

Wazo lilinipata nikiwa Nakuru, kitandani, naskroli. Nikaona video ya Vermont, Marekani. Kule wana mti unaitwa maple. Baridi ikianza kuisha wanautoboa, utomvu unadondoka, wanauchemsha mpaka uwe sharubati nzito. Inataka kama lita 40 za utomvu kupata lita moja ya sharubati. Zamani walibeba kwa ndoo. Siku hizi wengi wamefunga vipaipu vya plastiki kutoka mti hadi mti, mlima mzima, hadi kwenye kibanda cha kuchemshia. Mteremko wenyewe unaweza kufanya kazi yote, bila pampu.

Nikajiambia, si huu ni mlima wetu tu? Nikachanga pesa, nikanunua poli paipu nyeusi, konekta na tangi, nikapanda matatu.

Jamaa wa ile video alieleza pia kwamba paipu lazima ishuke mfululizo, isilegee wala kupanda mahali, la sivyo utomvu unasimama njiani. Hiyo sehemu niliiruka. Ilikuwa ndefu.

Nikapima kwa macho. Nikavuta paipu moja kwa moja kutoka chemchemi, ikashuka kwenye bonde dogo, ikapanda kilima kifupi, ikashuka bomani. Nikaiacha juu ya nyasi. Siku mbili kazi imeisha. Maji yakaja, nikarekodi, nikaposti, nikarudi Nakuru. Likes zikamiminika, na mimi nikawa najibu komenti kama injinia.

Kogo hakuniambia kitu. Ni binamu yangu aliyepiga simu baada ya wiki mbili: "Kogo ameteleza na mtungi, mkono umefura." Nikauliza, mtungi wa nini na maji yapo? Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Maji gani?"

Manze, niliiangalia ile video tena usiku huo na nikaona aibu ya kweli.

Nilirudi Jumamosi. Kogo alikuwa amefunga mkono na leso. Akaniambia tu, "Karibu chai, kijana wangu." Afadhali angenigombeza.

Jirani mmoja, mzee ambaye amelaza paipu maisha yake yote, alikuja kuangalia. Swali lake la kwanza halikuwa la paipu. "Na wengine watachota wapi?" Nilikuwa nimeziba chemchemi yote iingie kwangu. Tukaanzia hapo: tukajenga kisanduku cha mawe na simiti, paipu yetu ikatoka pembeni, na maji ya ziada yakaachiwa njia ya majirani na ng'ombe.

Halafu akatoa mpira mwembamba wa kuona ndani, ameujaza maji. Mimi nashika ncha moja, yeye ncha nyingine, mbali kadiri mpira unavyofika. Maji husimama usawa mmoja pande zote mbili, kwa hiyo ukipima kutoka ardhini hadi kwenye maji kila upande, tofauti ndiyo mteremko wako. Unaandika, unasogea, unajumlisha. Tangi lilikuwa mita 12 chini ya chemchemi, presha ya kutosha. Lakini kile kilima kilikuwa chini yake kwa mita moja tu. Hewa ilikuwa imejikusanya pale juu, na maji hayakuwa na nguvu ya kuisukuma.

Basi tukazunguka kilima kwa ubavu. Paipu ikapungua mita 60, nikauza taa yangu ya kurekodia. Tukachimba mtaro futi mbili kwa jembe na sululu, ng'ombe wasikanyage. Roli unaiviringisha kama gurudumu, huivuti kama springi, la sivyo inajikunja. Ncha unaziziba udongo usiingie. Ncha ikikataa kuingia kwenye konekta, unaichovya kwenye maji moto kwanza. Wale wa Vermont hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao huvuta vipaipu vikaze kwa sababu vinaning'inia. Sisi tunailaza kama nyoka mtaroni, kwa maana usiku wa baridi plastiki hujivuta na inaweza kuchomoka. Mahali pa chini kabisa tukaweka koki ya kutolea matope.

Siku sita. Mzee akakataa tusifukie mpaka maji yapite usiku kucha. Asubuhi Kogo alienda mwenyewe na sufuria, akafungua, akajaza, akafunga. Akarudi jikoni bila kusema neno. Sikurekodi.

Nimeposti video ya pili, ya mtaro na mpira wa kupimia. Imepata watazamaji wachache sana ukilinganisha na ile ya uongo, na sishangai. Ile ya kwanza sijaifuta. Nimeandika juu yake: maji haya yaliisha baada ya dakika kumi.

Kazi ya mikono haijui ulivyoipiga picha. Kabla hujaposti umemsaidia mtu, rudi baada ya wiki mbili ufungue mfereji.