Mikono Miwili, Glovu Jozi Moja

Kwenye gemu ya NetHack wewe ni alama moja tu: @. Basi. Hakuna picha, hakuna muziki. Mbweha ni d ndogo, joka ni D kubwa, ukuta ni vistari. Washikaji nikiwaonyesha huuliza kama ni gemu au risiti ya duka. Mimi nawaambia kaeni chini, shukeni ngazi tatu, halafu mniambie kama moyo haudundi.

Gemu hii ilitoka mwaka 1987. Mama yake anaitwa Hack na bibi yake ni Rogue ya mwaka 1980, na ukoo mzima una tabia mbili: shimo hupangwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa. Hakuna kurudi ulipoishia jana. Faili lako linafutwa, unabaki na kaburi la kuchorwa kwa herufi. Ndiyo maana ubishi ambao kwenye gemu nyingine ungekuwa porojo, huku unakosesha watu usingizi. Na ubishi mkubwa wa kijiweni kwetu ni huu: mtu wa kupigana uso kwa uso, mwenye upanga mkononi, bora awe na Nguvu au awe na Wepesi?

Mwanzoni huchagui. Namba unagawiwa, kama mtu anavyozaliwa. Kuchagua kunakuja baadaye, unapoamua ule nini (mzoga wa jitu unaongeza Nguvu, ule upesi kabla haujaoza) na uvae nini.

Sasa twende kwenye hesabu, msinikimbie. Ukirusha upanga, kompyuta inatupa dadu la pande 20. Kwanza inakujumlishia: 1, leveli yako, namba ya ulinzi ya adui, na nyongeza za silaha na za mwili wako. Jumla ikilizidi dadu, umempata. Namba ya ulinzi huku imegeuzwa: 10 ni mtu uchi, na kadiri inavyoshuka ndivyo ngozi inavyokuwa chuma. Joka lina −1.

Wepesi kazi yake ni hapo tu, kwenye kupata. Na una mambo yake: kuanzia 8 mpaka 14 haukupi kitu, sifuri tupu. Ukifika 15 unapewa 1, ukifika 16 unapewa 2, na 18 ni 4. Nguvu kwenye kupata ni bahili. 18 inakupa 1, na hata ile 18/100 inakupa 3. (Hiyo 18/100 ni urithi wa Dungeons & Dragons ya zamani, ambako Nguvu ikifika 18 haipandi 19 moja kwa moja, inakatwa vipande vya asilimia kwanza. Wazee wale walikuwa na muda.) Lakini Nguvu inafanya kitu ambacho Wepesi hauwezi kabisa: inaongeza maumivu. Nguvu 18 ni pointi 2 zaidi kila pigo linalofika, na 18/100 ni pointi 6.

Nilikaa na daftari usiku mmoja. Nikachukua Valkyrie wawili, wote leveli 10, wote na upanga mrefu wa +1, wote mbele ya joka, bahati na ujuzi wa silaha nikaviweka pembeni. Wa kwanza ana Nguvu 18 na Wepesi wa kawaida: anapata mara 55 katika 100, kila pigo wastani wa 9.5. Wa pili ana Wepesi 18 na Nguvu 15: anapata mara 70, kila pigo 7.5. Kwa mapigo 100, wa kwanza 522.5, wa pili 525. Ngoma droo! Nilirudia mara tatu nikidhani kalamu inanitania.

Ila wapandishe wote mpaka leveli 20. Jumla inapita 20 hata bila msaada, hakuna anayekosa tena. Wepesi wa yule wa pili umebaki pambo. Mwenye Nguvu bado anachukua pointi zake mbili kila pigo, mpaka joka linalala. Kwa hiyo jibu langu kwa NetHack ni Nguvu, na sipepesi macho. Ukitaka kurusha majambia, hapo zungumza na Wepesi, maana kwenye kupata kwa kurusha Nguvu haihesabiwi. Na ukihamia Angband, ya mwaka 1990 kutoka Chuo Kikuu cha Warwick kule Uingereza, mambo ni mengine: huko idadi ya mapigo kwa zamu moja inatokana na vyote viwili, na uzito wa silaha. Nguvu bila Wepesi unabaki na pigo moja kubwa na mtu anakucheka.

Niseme pia kwamba mimi ni mwembamba. Shuleni niliitwa spoku. Labda ndiyo maana.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye mwenye laptopu tunayochezea. Miaka tisa alibeba magunia sokoni. Alikuwa na shingo kama kisiki, akipita uchochoroni kwetu watoto wanajipima kwenye kivuli chake. Halafu asubuhi moja mgongo ukagoma chini ya gunia la mchele, na tangu siku hiyo anakaa na mto kiunoni, anashuka kwenye shimo la NetHack akiwa amelala ubavu. Tulikuwa na Valkyrie mmoja wa kushirikiana, usiku wake na usiku wangu. Wiki ya tatu yupo hai. Mimi nilimpatia glovu zile kubwa zinazopandisha Nguvu mpaka 25, nikashangilia mpaka mama akagonga ukuta.

Usiku uliofuata yeye akaokota glovu za Wepesi, +3. Mikono ni miwili na glovu unavaa jozi moja.

“Dogo, navaa hizi,” akasema.

Nikamletea daftari. Wepesi wa binti ulikuwa 11. Ukiongeza 3 unapata 14, na 14, nikamwonyesha kwa kidole, bado ni sifuri. “Kaka, unavua 25 kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.”

“Nimeona.”

“Sasa?”

Akawa kimya. Kuna jambo moja kwenye gemu hii ambalo nililipenda siku nilipoligundua: ukilegea kwa njaa, Nguvu inashuka kwa 1, ukiumia mguu, Wepesi ndio unashuka kwa 1. Nilikuwa nimemsimulia kama kichekesho. Akanirudishia hilo. Akasema ile ya njaa ni kweli, anaijua, ameibeba pamoja na magunia. “Nguvu ni ya mkopo, dogo. Wanakuja kuichukua asubuhi tu, hata hodi hawapigi.”

Nikasema hii ni gemu. Akasema anajua ni gemu, ndiyo maana anataka kuvaa anachotaka. Na usiku ule ulikuwa wake. Makubaliano ni makubaliano.

Akavua, akavaa. Nguvu ikaanguka kutoka 25 mpaka 17, na papo hapo chini ya skrini likatokea neno la kusema mzigo umemwelemea. Nilisahau hilo: kiasi unachoweza kubeba kinahesabiwa kwa Nguvu na ustahimilivu, Wepesi haumo. Binti alikuwa amejaza deraya za akiba, mashoka ya kuuza, sanduku zima la vitu ambavyo mimi ndiye niliyekataa kuviacha.

Nilidhani atazirudisha glovu. Kaka akausogeza mto, akabonyeza D, akaanza kuteua kimoja kimoja.

“Mwache atue,” akasema.

Akatua shoka. Akatua deraya. Neno likafutika, na @ yetu ikaanza kwenda ngazi ya chini.