Bunduki ya upepo katika lupango

Vijana wengi wananiuliza kama ni vizuri kununua bunduki ya upepo kwa kuua panya. Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilikuwa nayo. Basi leo nitawaambia yote, hata sehemu ya aibu.

Munajua lupango ya kwetu Lubumbashi: gunia ya mahindi, kuku wanatembea, bukari iliyobaki jikoni. Panya anapata kila kitu bure. Mwaka ule walikula vifaranga saba kwa juma moja, bibi yangu akalia. Nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja aliyeleta vitu kutoka Kasumbalesa, nikanunua bunduki ya resori pamoja na lunete yake. Bei ilikuwa ndogo, na mimi niliangalia bei tu.

Bunduki ya resori, ukipiga, inaruka nyuma, halafu inajisukuma tena mbele. Lunete ya bunduki ya kawaida haikutengenezwa kwa ile ya pili. Vioo vinalegea ndani. Yangu, asubuhi ilipiga kopo katikati, jioni ilipiga pembeni kabisa. Kama unanunua, uliza lunete iliyofanywa kwa bunduki ya upepo, inayoonyesha vizuri kwa metre 10. Zile za wawindaji zimetengenezwa kwa mbali, kama metre 100, na panya wa lupango hawezi kukungojea kule. Kama feza haitoshi, afazali alama za chuma zilizo juu ya bunduki yenyewe kuliko lunete ya bei ya chini. Risasi nazo ni za aina mbili hasa: 4,5 mm inakwenda mbio, 5,5 mm ni nzito, inaua upesi na mnyama hateseki sana.

Bon, hayo ni maarifa. Sasa sikilizeni.

Panya anatoka giza likiingia. Nilimuvizia saa za magaribi, pembeni ya ukuta wa matofali. Nikapiga, nikamukosa, risasi ikagonga tofali ikaruka kwa jirani. Nikasikia mutoto analia. Ilimupiga kwenye shavu, vidole viwili chini ya jicho.

Baba yake alikuja. Hakupiga kelele. Alisema tu: “Pasta, kama ingekuwa jicho?” Nilimupeleka mutoto dispanseri, nikalipa, lakini ulizo lile sikulijibu. Siku ya Mungu nilihubiri juu ya uvumilivu, na yeye alikuwa ameketi kwenye banki ya pili.

Tena, kwa mbali bunduki hii inafanana na ya vita. Mji wetu uliona Bakata Katanga wakiingia tarehe 23 Machi 2013, ukasikia mapigano ya kambi za Kibati na Kimbembe tarehe 14 Februari 2021. Askari anayekuona usiku na kitu kirefu mukononi hataulizia kama ni ya upepo. Inchi yetu ina sheria ya silaha tangu 1985. Kabla ya kutoa feza yako, enda kwanza ku komine kuuliza. Mimi sikuenda.

Na risasi zenyewe ni za plomb. Kuku anaokota kila kitu chini. Akimeza plomb, sumu yake inaingia katika yai, na yai unamupa mutoto wako.

Panya je? Jike anabeba mimba kwa majuma matatu tu, halafu anazaa sita, saba, hata zaidi. Utapiga wangapi? Bibi yangu ndiye aliyewamaliza: mahindi katika pipa ya chuma yenye kifuniko, matundu yote simenti, vifaranga usiku katika sanduku yenye waya wa matundu madogo, na mitego miwili nyuma ya jiko. Vyote havikufika nusu ya bei ya bunduki.

Bunduki ingali kwangu, resori niliitoa. Kijana anayetaka kuona namna inavyotumika ndani apite kwangu siku ya kazi, nitamuonyesha. Kuuza, siuzi.