Bweni au Nyumbani? Tulivyoamua kwa Binti Yetu



Kila mwaka, majibu ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikaanza kutoa nafasi, swali moja huzunguka katika nyumba zetu: mtoto akae chuoni, au awe anatoka nyumbani na kurudi? Akina baba huulizana nje ya msikiti, akina mama huulizana harusini, na kila mtu ana jibu lake. Sisi swali hilo lilitufika binti yetu mkubwa alipopata nafasi ya kusoma takwimu Chuo Kikuu cha Makerere. Tunaeleza hapa namna tulivyofikia uamuzi, huenda ukamfaa mzazi ambaye zamu yake inakuja.

Sisi ni Wanubi wa Bombo, Uganda. Mji wetu uko kilomita 35 hivi kaskazini ya Kampala, na barabara ya Bombo inakwenda moja kwa moja hadi Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Kwa hiyo chuo si mbali, wala si karibu. Angepata nafasi Mbale, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, pasingekuwa na mjadala. Angelala huko tu. Ni huu umbali wa katikati uliotugawa.

Mama alikuwa na hofu ya hosteli. Mabweni ya wasichana ndani ya chuo, yaani Mary Stuart, Africa na Complex, hayatoshi wanafunzi wote. Wengi hupanga hosteli za watu binafsi Kikoni na Wandegeya, na baadhi ya hosteli hizo zinachanganya wavulana na wasichana. Baba alikuwa na hofu ya barabara. Na wote wawili tulikuwa na jambo jingine tusilopenda kulitaja mbele ya binti: bibi yake anaishi nasi, ana kisukari, na binti ndiye aliyekuwa akimchoma sindano asubuhi na jioni.

Jamaa walitushauri kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alisema msichana hulindwa na nyumba ya baba yake. Mwingine alisema aliyelelewa vizuri hulindwa na malezi yake popote alipo. Maneno yote mawili ni mazuri, lakini hayakutuonyesha la kufanya Jumatatu asubuhi. Tukaamua basi kwamba wiki mbili za kwanza atoke nyumbani, na aandike kwenye daftari saa ya kuondoka, saa ya kufika, na mahali Magharibi ilipomkuta. Alicheka, akasema hiyo ndiyo takwimu yake ya kwanza.

Daftari lilisema hivi. Aliondoka nyumbani baada ya sala ya Alfajiri ili awahi kipindi cha saa 2 asubuhi. Jioni alipanda taksi Wandegeya kuanzia saa 11 na nusu, akasubiri ijae, kisha foleni ya Bwaise na Kawempe. Kwenda na kurudi ilimchukua wastani wa saa 4 kwa siku. Tukizidisha kwa siku 5 za wiki na wiki 15 za masomo, ni saa 300 katika muhula mmoja. Siku moja mvua ilinyesha, Bwaise ikajaa maji kama kawaida yake, akafika nyumbani saa 3 usiku.

Lakini kilichotushtua zaidi ni safu ya mwisho. Katika jioni 10, Magharibi ilimkuta nyumbani mara 2 tu. Mara 8 ilimkuta ndani ya taksi.

Ndugu msomaji, sisi tunaishi karibu na ikweta. Jua letu linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi, mwaka mzima, na wakati wa Magharibi hauzidi sana saa moja kabla ya Isha kuingia. Kwa hiyo hili halikuwa tatizo la msimu, la kusema litapita. Wala njia hiyo si safari ya kumpa ruhusa ya msafiri, kwani masafa ya kupunguza sala wanazuoni wengi huyakadiria kilomita 80 hivi. Misikiti ipo njiani, ni kweli. Lakini msichana ashuke peke yake Kawempe gizani, asali, kisha aanze tena kugombea kiti na kulipa nauli ya pili, kila siku kwa miaka 3?

Hapo hoja ikageuka. Tulikuwa tunasema akikaa nyumbani dini yake itakuwa salama, kumbe nyumba yenyewe alikuwa haioni wakati wa sala.

Bado lilibaki la bibi. Tulikaa naye, naye akasikiliza huku akisuka kikapu chake. Akasema, "Mimi hapa nina watu. Yeye barabarani ana nani?" Kisha akamwita mjukuu wake wa kiume mwenye miaka 16 na kumwambia ajifunze sindano. Binti alimfundisha mdogo wake kwa siku nne. Vyombo vya jioni navyo vikawa vyake, na hakufa.

Tukatafuta hosteli ya wasichana watupu Kikoni. Hatukuuliza kodi kwanza. Tuliuliza lango linafungwa saa ngapi, wageni wanaishia wapi, kutoka pale hadi msikiti wa chuo ni mwendo gani kwa miguu, na mwezi wa Ramadhani jiko linawashwa kwa daku au la. Tulitaka pia kumjua anayelala kitanda cha pili. Ijumaa, kama hana kipindi cha mchana, husali chuoni kisha hupanda taksi kabla foleni haijaanza. Jumatatu hurudi baada ya Alfajiri.

Uamuzi huu una gharama. Kodi inatubana, na nyumba Jumanne usiku ina ukimya ambao hatujauzoea. Bibi husema anasikia vizuri sindano ya mjukuu wa kike kuliko ya huyu. Familia nyingine, iliyo Kawempe au Kibuli, ikipiga hesabu yake itapata jibu tofauti, na itakuwa sahihi.

Tunachowaomba wazazi ni kimoja. Kabla ya kusema nyumbani ni salama au bweni ni hatari, uliza mtoto wako anakuwa wapi, na nani, kati ya Alasiri na Isha. Shaurianeni naye, kwani yeye ndiye atakayekaa kwenye hicho kiti cha taksi au kwenye hicho kitanda. Salini istikhara, kisha mtawakalie Mola.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.